Picha ya moyo ni safi, kifua bado kinabana: kuyajua na kuyatibu maradhi ya vishipa vidogo vya moyo

Mtu anabanwa na kifua kwa miezi. Anapimwa presha, anafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, anaandikiwa barua, anapanda boti kutoka Zanzibar kwenda Dar es Salaam. Huko anapitishwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, inamiminwa dawa inayoonekana kwa eksirei, na mishipa yake inatokea kwenye skrini. Jawabu linakuja: mishipa ni safi, hakuna palipoziba. Jamaa wanamshukuru Mungu na kurudi naye nyumbani. Wiki ya pili akipanda ngazi, kifua kinabana vile vile.

Hapo watu hugawika. Wapo wasemao ni gesi, wapo wasemao ni mawazo, na wapo wanaotaja husda. Mgonjwa mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyekwishapita miaka hamsini, anaanza kunyamaza kwa sababu ameshaambiwa hana kitu. Makala hii naiandika kwa ajili yake na kwa watu wake. Moyo unaweza kukosa damu ya kutosha hata kama mishipa yake mikubwa iko wazi kabisa, na hali hiyo ina tiba. Lakini tiba hiyo si ya kuzibua. Inategemea kujua ni kitu gani hasa kilichoharibika, na hapo ndipo wengi wanapopotezwa njia.

Picha inaona nini

Moyo unalishwa na mishipa inayopita juu yake kwa nje: mmoja upande wa kulia, na mmoja wa kushoto unaogawika mara mbili. Upana wake ni milimita 2 mpaka 4 hivi. Hii ndiyo inayojaa mafuta na kuziba, na ndiyo inayowekewa stenti, kile kijibomba cha waya kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa usifunge tena. Kutoka hapo matawi yanazama ndani ya nyama ya moyo, yanagawika na kugawika tena mpaka kufikia vishipa vyenye upana chini ya nusu milimita, na mwisho kapilari, ambazo chembe nyekundu za damu hupita moja moja kwa kujibana.

Picha ile ya mrija haioni kitu chini ya nusu milimita. Kwa hiyo daktari anayesema mishipa ni safi anasema kweli kuhusu mishipa aliyoiona. Sehemu iliyo kubwa zaidi ya mtandao wa damu wa moyo haikuwemo kwenye picha.

Na vishipa hivyo vidogo ndivyo vinavyoamua damu kiasi gani iingie na iende wapi. Anayelijua bonde la mpunga la Cheju, Unguja, ataelewa haraka: mfereji mkuu ukijaa maji haulisaidii jaruba ambalo kilango chake hakifunguki. Mishipa mikubwa kazi yake ni kupitisha. Vishipa vidogo hufunguka na kujibana kila dakika kulingana na kazi ambayo moyo unaifanya wakati huo.

Suala hili ni zito kwa moyo kuliko kwa kiungo chengine. Msuli wa mguu ukiwa umepumzika huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayopita, na ukianza kazi huchota zaidi kutoka kwenye damu ile ile. Moyo hauna nafasi hiyo. Hata ukiwa umelala usingizi, moyo wako unachukua asilimia 70 mpaka 80 ya oksijeni ya damu inayopita kwake. Ukitaka zaidi, njia ni moja tu, kuongezewa damu yenyewe. Kwa mtu mwenye afya, damu inayoingia kwenye nyama ya moyo inaweza kuongezeka mara 3 mpaka 4 akifanya kazi nzito. Ikiwa haiwezi kufika hata mara 2, na madaktari wengine huweka mpaka wao kwenye 2.5, basi vishipa vidogo vina hitilafu, mishipa mikubwa iwe safi namna gani.

Kwa nini basi maradhi haya yalichelewa kutambuliwa? Mwaka 1772 daktari Mwingereza William Heberden alichapisha maelezo ya kifua kinachobana mtu anapotembea na kuachia anaposimama. Kwa muda mrefu baada yake, daktari alikuwa na maneno ya mgonjwa tu. Mwaka 1958 Mason Sones, huko Cleveland nchini Marekani, alipata kwa bahati, bila ya kukusudia, picha ya mshipa wa moyo wa mtu aliye hai, na tangu hapo picha ikawa hakimu. Ikionesha pameziba, unaumwa, isipoonesha, huumwi. Mwaka 1973 Harvey Kemp aliandika kuhusu wagonjwa wenye dalili zote na picha safi, na hali hiyo ikapewa herufi X, chanzo chake kikiwa bado hakijulikani. Mwaka 1988 Richard Cannon na Stephen Epstein wakaeleza kwamba tatizo limo kwenye vishipa vidogo. Utafiti mkubwa wa moyo wa wanawake ulioanza Marekani mwaka 1996 ndio uliolazimisha watu kulitizama jambo hili vizuri, kwani wanawake wengi waliokuja na kifua kinachobana hawakuonekana wameziba mahali. Kwa miaka mingi waliambiwa hali yao haina madhara. Walipofuatiliwa kwa muda, ilionekana kwamba wale ambao vishipa vyao havifunguki wana hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio la moyo au moyo kushindwa kazi kuliko wasio na tatizo hilo. Naona hili ni kosa lililogharimu watu wengi, na bado linaendelea kila anapoambiwa mtu "huna kitu" akapelekwa nyumbani bila ya kitu.

Vinavyoharibika

Kuna namna tatu, na mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja.

Ya kwanza ni ya umbo. Presha iliyokaa juu miaka mingi bila ya dawa inavifanya vishipa vinenepe kuta zake, na njia ya ndani inakuwa nyembamba. Nyama ya moyo nayo hutuna kwa kupigana na presha, na kapilari hazitoshi tena kulisha nyama yote hiyo. Sukari hufanya uharibifu wa aina hiyo hiyo, kama inavyofanya kwenye macho na figo. Mwenye presha na sukari kwa pamoja, basi hapo pana mlango mpana.

Ya pili ni ya utendaji. Ndani ya kila mshipa mna utando mwembamba sana unaotoa oksidi ya nitriki, hewa inayouamuru mshipa ulegee. Ugunduzi wa kazi ya hewa hiyo mwilini uliwapa Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Utando ukiumizwa na moshi wa tumbaku, sukari au mafuta mabaya ya damu, amri haitoki, au inatoka dhaifu. Kukoma kwa hedhi nako kunawanyima wanawake homoni iliyokuwa ikiulinda utando huo, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya maradhi haya yawaandame wao zaidi baada ya umri huo.

Ya tatu ni mkakamao: mshipa unajikaza ghafla, mkubwa au mdogo, mara nyingi mtu akiwa ametulia, usiku wa manane au alfajiri. Tumbaku, baridi na mshtuko wa moyoni huuchochea.

Dalili zake hazifuati sheria zinazobandikwa ukutani. Shangazi yangu anakaa juu kwenye majengo ya Michenzani na ngazi ndiyo njia yake. Alikuwa anapanda na kikapu chake cha sokoni, anafika, anaweka samaki kwenye sinia, na hapo ndipo kifua kinapoanza, wakati ameshapumzika. Hakujishika kifua wala kuanguka. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaufungua ushungi, akahema kwa mdomo, na hali ile ikamchukua karibu nusu saa. Kwa mshipa mkubwa uliobana, mara nyingi kifua hubana wakati wa kazi na huachia dakika chache baada ya kusimama. Kwa vishipa vidogo, maumivu hupenda kuchelewa kuja na kuchelewa kuondoka. Wengine hawaumwi hata kidogo, wao hukosa pumzi tu au huchoka kupita kiasi. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani, wanaobeba mizigo iliyorowa maji kutoka ufukweni, huenda wakauita uchovu huo uzee.

Alipopimwa, shangazi aliambiwa na daktari kijana, "Mama, mishipa yako kama ya msichana. Punguza mawazo tu." Akajibu, "Haya mwanangu, ahsante." Na kwa muda mrefu hakumtajia mtu tena.

Kupima kisichoonekana

Vipo vipimo vya vishipa hivi. Katika maabara ya mrija, daktari hupitisha waya mwembamba sana wenye kihisio mpaka ndani ya mshipa wa moyo, kisha hutia dawa ya adenosini inayovilazimisha vishipa kufunguka, na kupima damu imeongezeka mara ngapi na ukinzani wa vishipa uko kiasi gani. Baadaye anaweza kutia asetilikolini, ambayo mshipa wenye utando mzima huijibu kwa kufunguka, na ulioumia hujikaza. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinamwambia kama vishipa vinaweza kufunguka, na cha pili kama vinajikaza bila sababu. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 unavitilia mkazo vipimo hivi kwa mgonjwa ambaye picha yake ni safi lakini dalili zinamsumbua licha ya dawa. Pia kuna njia zisizoingia mwilini: picha ya sumaku ya moyo, na hata mashine ya eko, inayoupiga picha moyo kwa mawimbi ya sauti, mikononi mwa mtaalamu aliyeizoea, inaweza kupima mwendo wa damu kwenye mshipa wa mbele kabla na baada ya dawa.

Vipimo hivi havipatikani kila mahali. Lakini kabla ya kuvifikiria, kuna mambo ambayo hospitali zetu za Unguja na Pemba zinaweza kuyafanya na ambayo hurukwa: kupima wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu peke yake unaweza kuubana moyo, kupima tezi la shingo, kupima sukari ya miezi mitatu, si ya asubuhi ile tu, na eko ya kawaida kuona kama nyama ya moyo imetuna. Na daftari. Daktari wa pili aliyemuona shangazi alimwambia aandike saa, alikuwa anafanya nini, kilibana muda gani, na nini kilikiachia. Mjukuu wake wa skuli ndiye aliyekuwa akimuandikia. Daftari lile lilieleza zaidi kuliko bahasha nzima ya karatasi alizokuwa nazo.

Tiba: dawa kwa chanzo chake

Kwanza niliondoe tarajio moja. Stenti haiwezi kuwekwa kwenye kishipa cha chini ya nusu milimita, na upasuaji wa kupandikiza mshipa haufiki huko. Anayekuahidi kuvizibua vishipa vidogo kwa mashine, kwa majani au kwa kuumika anakuahidi kitu kisichokuwepo.

Pili, dawa ambayo watu wengi wenye kifua kinachobana hupewa mwanzo, ile ya kuweka chini ya ulimi au kupuliza, mara nyingi haiwasaidii hawa. Sababu yake inafaa kujulikana. Dawa hiyo ya nitrati hainyooshi mshipa mpaka igeuzwe kwanza na ukuta wa mshipa wenyewe kuwa oksidi ya nitriki. Mishipa mikubwa huigeuza vizuri. Vishipa vidogo kabisa havina uwezo huo wa kutosha. Mgonjwa huumwa kichwa, presha hushuka, na kifua kinabaki. Kisha huambiwa kwamba, kwa kuwa dawa ya moyo haikumsaidia, basi si moyo. Hitimisho hilo si sahihi. Kwa wengine dawa hii husaidia, hasa penye mkakamao, kwa hiyo isitupwe. Lakini isifanywe kipimo cha ukweli wa mgonjwa.

Kwa ambaye vishipa vyake havifunguki vya kutosha, dawa ya mwanzo kwa kawaida ni zile zinazopunguza kasi ya moyo: bisoprololi, kavediloli, nebivololi, atenololi. Moyo ni kiungo cha pekee kwa hili: nyama yake hupata damu zaidi pale unapolegea baina ya pigo na pigo, kwa sababu unapojikaza huvibana vishipa vyake wenyewe. Ukipunguza mapigo kutoka 90 kwa dakika mpaka 60, umeurefushia muda wa kula, na papo hapo umeupunguzia kazi. Dawa hizi haziachwi ghafla, kwani moyo unaweza kurudi kwa kishindo. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kuandikiwa.

Kwa mwenye mkakamao mambo hugeuka. Dawa zile zile za kupunguza kasi zinaweza kumzidishia. Yeye anahitaji kundi la amlodipini, nifedipini ya kutoka polepole, diltiazemu au verapamili, ambazo hulegeza msuli wa ukuta wa mshipa, na hapo nitrati nazo zina nafasi yao. Amlodipini inajulikana na kila mwenye presha, pamoja na miguu inayovimba kwa baadhi yao. Verapamili haichanganywi hovyo na dawa za kupunguza kasi, maana mbili hizo kwa pamoja zinaweza kuuchelewesha moyo kupita kiasi.

Basi tizama: maradhi mawili yenye dalili zinazofanana, na dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru wa pili. Ndiyo maana nasema kujua chanzo ni nusu ya tiba, na kuna ushahidi wa hilo. Mwaka 2018 madaktari wa Uskoti, akina Colin Berry na Tom Ford, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 wenye kifua kinachobana na picha safi. Wote walipimwa vishipa kwa waya na dawa. Kwa kundi moja, madaktari wao walipewa majibu na kutibu kwa kuyafuata. Kwa kundi la pili, majibu yalifichwa na tiba ikaendelea kwa mazoea. Baada ya miezi 6, kundi lililotibiwa kwa majibu lilikuwa na maumivu machache zaidi na maisha bora zaidi. Hapakuwa na dawa mpya hata moja. Dawa zilikuwa zile zile za siku zote, zimepelekwa mahali pake. Katika wagonjwa hao, nusu walikuwa na tatizo la vishipa vidogo peke yake, mmoja kati ya sita alikuwa na mkakamao peke yake, mmoja kati ya watano alikuwa na yote mawili, na mmoja kati ya tisa hivi hakuwa na tatizo la moyo kabisa. Huyo wa mwisho naye alipata faida: aliachishwa dawa asizozihitaji.

Chini ya dawa za kutuliza kifua kuna tiba ya msingi, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayodharauliwa zaidi kwetu kwa sababu haisikiki siku unapoimeza. Enalaprili, lisinoprili au, kwa wanaokohoa nazo, losatani, hushusha presha na pia hupunguza unene wa kuta za vishipa kadiri muda unavyokwenda. Dawa za kundi hili hazitumiwi na mjamzito. Atovastatini hushusha mafuta mabaya na huusaidia utando wa ndani, na mtu huweza kuandikiwa hata kama kipimo chake cha mafuta hakitishi. Sukari ishikwe kwa metfomini au dawa nyengine zinazomfaa. Aspirini ni kwa wale ambao daktari ameona wana mafuta kwenye mishipa mikubwa. Si dawa ya kila kifua, na inaweza kutoboa tumbo.

Yanapobaki maumivu, zipo dawa za safu ya pili: ranolazini, ivabradini, nikorandili, trimetazidini. Matokeo yake yametofautiana baina ya tafiti, na baadhi ni ghali au adimu. Wapo pia wagonjwa ambao mishipa yao ya fahamu huhisi maumivu kwa ukali kuliko kawaida. Kwao dozi ndogo ya imipramini, dawa kongwe ya huzuni, imewahi kuonekana kupunguza maumivu. Mgonjwa akiandikiwa dawa ya aina hiyo asidhani ameambiwa mwendawazimu. Na si kila dawa yenye mantiki nzuri hufaulu: zibotentani, inayozuia kemikali ya kukaza mishipa, ilijaribiwa Uingereza na matokeo ya mwaka 2024 yakaonesha haikuwaongezea wagonjwa nguvu ya kutembea.

Kutembea kwenyewe ni dawa. Mazoezi ya polepole yanayoongezwa wiki baada ya wiki huufundisha utando wa mishipa kutoa ile hewa yake tena. Nimewaona kina mama wakitembea alfajiri kwa makundi, na sijui ushauri bora kuliko kujiunga nao, kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza bila ya kukatika pumzi. Tumbaku, ya sigara na ya shisha, iachwe yote. Chumvi ipunguzwe kwenye mchuzi na kwenye achari. Kitunguu thomu, tangawizi na habbat soda viliwe kama chakula. Dawa za hospitali zisiachwe kwa ajili yake.

Neno moja kwa wanaume, na wake zao walisikie: anayetumia nitrati asimeze kabisa sildenafili wala dawa ndugu zake za nguvu za kiume. Mbili hizo zikikutana presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Dawa hizo nyengine huchanganywa kwa siri ndani ya asali na unga unaouzwa kama mitishamba, kwa hiyo mwenye moyo asinunue kitu kisichojulikana kilichomo.

Ramadhani

Suala hili linaulizwa kila mwaka, na wengi hujiamulia wenyewe, ndipo dawa zinapoachwa mwezi mzima. Mgonjwa anayeogopewa kudhurika ana ruhusa ya kula, Qur'ani imelitaja hilo katika Suratul Baqara. Kwa ambaye hali yake imetulia na daktari amemkubalia, dawa nyingi za maradhi haya zipo za kumeza mara moja kwa siku, na zinaweza kupangwa wakati wa futari au daku. Mpango huo ufanywe Shaabani, si usiku wa kuamkia mwezi. Futari isiwe nzito kwa mkupuo mmoja, kwa sababu tumbo lililojaa huuongezea moyo kazi na kifua hubana baada ya kula. Maji yanywewe kwa mafungu mpaka daku. Na kuhusu kidonge cha chini ya ulimi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jidda mwaka 1997 lilikitaja miongoni mwa vitu visivyofunguza, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Mtu asijizuie kukitumia mchana kwa kuogopea saumu yake.

Unapokwenda hospitali

Kifua kikibana ukiwa umetulia na kisiachie kwa robo saa, au kikija na jasho la baridi, kichefuchefu, kizunguzungu au maumivu yanayopanda taya na mkono, hiyo si ya kusubiri miadi. Nenda Mnazi Mmoja au Lumumba kwa Unguja, Abdalla Mzee kwa Pemba, au hospitali iliyo karibu nawe, saa hiyo hiyo. Aliyewahi kuambiwa picha yake safi naye yumo katika hukumu hii.

Kwa uchunguzi wa kawaida, anayetoka Wete au Mkoani ana safari mbili za baharini mpaka kufika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili. Safari hiyo ina gharama, kwa hiyo asiende mikono mitupu. Achukue dawa zake zote ndani ya mfuko, hata za kienyeji; majibu ya damu na eko; na lile daftari. Akimaliza, aombe nakala ya picha kwenye diski pamoja na ripoti iliyoandikwa, ili asirudie kipimo kile kile mwakani.

Na akiambiwa mishipa ni safi, amuulize daktari kwa adabu kama vishipa vidogo vimepimwa au ni mikubwa peke yake. Kama havikupimwa na dalili zake zinafanana na hizi, daktari anaweza kumtibu kwa kukadiria: achague kundi moja la dawa kwa kuangalia kama kifua hubana kwa kazi au kwa utulivu, aanze na dozi ndogo, na amuite tena baada ya wiki 4 mpaka 6 waangalie daftari pamoja. Ikiwa imezidi badala ya kupungua, kundi libadilishwe. Shangazi alitibiwa hivyo. Damu yake ilikutwa pungufu ikaongezwa, dawa ya presha ikapandishwa, na bisoprololi ikaanzishwa. Bado hupumzika mara moja kwenye ngazi, na kila baada ya miezi mitatu anarudi kliniki na daftari lake.